Gadi Peke Yake Haitaokoa Amplifaya Yako

Kila mwenye amplifaya ya zamani hapa Kenya ameshaambiwa sentensi hii na fundi: "Stima ilikuja na nguvu, ikaichoma." Ni sentensi tamu sana. Haimlaumu mwenye mashine, haimlaumu fundi, haimlaumu aliyeiunda huko Japani au Uingereza mwaka 1974. Lawama zote zinaishia kwenye nguzo ya stima huko nje, na dawa inabaki moja: nunua gadi, ile ya kuchomeka ukutani, kisha ulale usingizi.

Leo naipinga sentensi hiyo. Sisemi stima yetu ni malaika. Inapotea, inarudi, inashuka, inapanda, na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani kwa pamoja. Gadi ina kazi yake na nitaieleza. Lakini pigo ambalo amplifaya ya zamani inapigwa mara nyingi kuliko mengine yote halitoki kwenye nguzo. Inajipiga yenyewe, kila unapobonyeza swichi. Nitaliita kishindo cha kuwasha: mkondo mkubwa mno wa umeme ambao mashine inauvuta katika nukta ya kwanza kabla haijatulia. Hakuna gadi ya kawaida inayokizuia, na kukizuia ni rahisi kuliko unavyodhani. Kinachoniudhi ni kwamba jambo hili linajulikana tangu zamani, na bado watu wanauziwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Kinachotokea katika nukta ya kwanza

Fungua amplifaya yoyote kubwa ya miaka ya 1970. Utakuta vitu viwili vikubwa: transfoma, yaani donge la chuma na waya wa shaba, na kapasita za kuhifadhi umeme, ile mikebe inayosimama karibu nayo. Chukua mfano wa Pioneer SX-1250 ya mwaka 1976, risiva ya wati 160 kila upande. Transfoma yake ni ya duara, kama gurudumu dogo, na ina kapasita nne za maikrofaradi 22,000 kila moja. Jumla 88,000.

Tuanze na kapasita. Ikiwa tupu, kapasita kwa nukta ya kwanza haina tofauti na kipande cha waya kilichounganisha chanya na hasi. Fikiria tangi tupu la maji: ukifungua koki, maji hayaji kwa adabu, yanaingia kwa nguvu yote ambayo bomba linaweza kutoa. Ukizijaza hizo kapasita nne hadi, tuseme, volti 60, zitakuwa zimebeba takriban juli 158 za nishati, na nishati hiyo yote imevutwa kutoka ukutani katika mizunguko michache tu ya stima.

Sasa transfoma, ambayo watu huisahau. Stima yetu ni ya hezi 50, kwa hiyo kila nusu mzunguko ni milisekunde 10. Transfoma ikiwa imeshatulia, usumaku ndani ya chuma chake hupanda kutoka kilele cha upande mmoja hadi kilele cha upande wa pili katika hizo milisekunde 10. Ukiiwasha wakati volti inapita sifuri, usumaku hauanzii kwenye kilele cha upande wa chini. Unaanzia sifuri, au mahali popote ulipobaki ulipoizima jana, lakini unasukumwa kupanda kiasi kile kile. Kwa hiyo unaelekea kufika mara mbili ya kilele cha kawaida. Chuma hakiwezi kubeba kiasi hicho. Kinajaa, na transfoma inaacha kuwa transfoma. Inabaki waya wa shaba tu uliochomekwa ukutani.

Tufanye hesabu. Stima yetu ni volti 240, na kilele chake ni volti 339. Tuseme ukinzani wa waya wa transfoma pamoja na nyaya za nyumba ni omu 4. 339 gawa kwa 4 ni karibu ampea 85. Amplifaya hiyo hiyo ikitulia bila muziki inavuta pengine wati 100, chini ya nusu ampea. Hiyo ni tofauti ya mara 200, katika kitu kile kile, kwa kidole kile kile.

Transfoma za duara ni mbaya zaidi kwa hili. Chuma chake hakina mwanya hata kidogo, kinabaki na usumaku mwingi kikizimwa, na waya wake una ukinzani mdogo. Sifa zile zile zinazoifanya isivume ndizo zinazoifanya ipige kishindo.

Halafu kuna jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuandika programu atalitambua haraka. Ukubwa wa kishindo unategemea ni wakati gani hasa wa mzunguko ulibonyeza swichi. Leo umebahatika, kesho umebahatika, keshokutwa fyuzi imekatika. Ni ile hitilafu inayojitokeza mara moja kwa wiki na kukataa kujitokeza ukimwita mtu aione. Ndiyo maana sentensi ya "stima ilikuja na nguvu" imeishi miaka mingi. Mtu anaona swichi ile ile, kidole kile kile, jana ilikubali na leo imekataa. Anahitimisha kwamba kitu cha nje kimebadilika. Hakuna kilichobadilika ila bahati yake.

Nini kinakufa

Cha kwanza ni swichi. Wakati wa kugusana, ncha zake hurukaruka, na kila mruko mkondo mkubwa unachora cheche. Cheche inakula metali na kuacha masizi. Baada ya miaka, ncha zinashikana na mashine haizimiki, au zinaungua na mashine haiwaki. Mtu asiyejua atasema "ni swichi tu". Hebu nenda Luthuli Avenue ukatafute swichi ya risiva ya mwaka 1976 yenye umbo lile, urefu ule na matundu yale. Nakutakia safari njema. Transfoma inaweza kuviringishwa upya na kapasita mpya zipo. Swichi ya asili ikishakufa, utatoboa uso wa mashine kuweka ya kisasa, na thamani yake imeondoka.

Cha pili ni diodi za kugeuza umeme, ambazo ndizo hupitisha mkondo wote wa kujaza kapasita. Cha tatu ni kapasita zenyewe, hasa zilizozeeka. Kwenye amplifaya za valvu kuna cha nne: nyuzi za kupasha moto valvu. Metali ikiwa baridi ina ukinzani mdogo sana kuliko ikiwa moto, kwa hiyo nyuzi hizo nazo zinavuta mkondo wa mara kadhaa kabla hazijapata joto. Ni sababu ile ile iliyofanya balbu za zamani ziungue mara nyingi wakati wa kuwashwa.

Ushauri mbaya wa kwanza: "Nunua gadi"

Gadi ni kifaa kizuri kwa kazi yake. Inapima volti ya ukutani. Ikipanda sana au kushuka sana, inakata. Stima ikirudi baada ya kupotea, inasubiri sekunde kadhaa au dakika kadhaa ndipo iachilie. Nyingine zina varista ndani, kile kidude kinachomeza volti inaporuka ghafla, kwa mfano radi ikipiga karibu.

Soma tena. Kila kitu hapo ni kuhusu volti inayokuja. Kishindo cha kuwasha kinatokea volti ikiwa 240 safi kabisa. Gadi inatazama, inaona kila kitu kiko sawa, na inaruhusu. Zaidi ya hapo, gadi ikimaliza kusubiri inafunga relei yake ghafla, na amplifaya ambayo swichi yake ilikuwa imeachwa wazi inapata kishindo kamili. Gadi imegeuka kidole kingine cha kuwasha. Muuzaji anayesema gadi pekee inatosha kwa amplifaya ya zamani ama hajui anachouza au anajua na amenyamaza.

Wa pili: "Weka fyuzi kubwa"

Huu si ushauri mbaya tu, ni hatari. Fyuzi ya ampea 2.5 imekatika mara mbili kwa mwezi, fundi anaweka ya 10. Au anaizungushia karatasi ya fedha ya sigara. Haikatiki tena! Kila mtu anafurahi. Siku waya wa transfoma utakapogusana ndani, mashine itavuta ampea 6 au 7 bila kukoma, fyuzi ya 10 itatulia, na kitakachokatika badala yake ni transfoma, kisha pazia. Na usijitulize kwamba plagi ina fyuzi yake ya 13. Ampea 13 kwa volti 240 ni wati 3,120. Hiyo ni kinga ya waya wa ukutani. Amplifaya ya wati 300 itaungua polepole chini yake bila kuigusa.

Tazama herufi iliyoandikwa kwenye fyuzi. T ni ile inayovumilia kishindo kifupi, F inakatika haraka. Mashine nyingi zenye transfoma kubwa zinataka T. Fundi akiweka F ya ampea zile zile, itakatika bila sababu, kisha atakwambia sasa tuongeze. Usikubali. Soma kilichochapishwa nyuma ya mashine, weka herufi ile ile na namba ile ile.

Wa tatu: "Usiizime kamwe"

Huu unatoka kwa wapenzi wa sauti wenyewe. Kama kuwasha kunaumiza, basi iache ikiwaka siku zote. Kwenye karatasi ina mantiki. Lakini kapasita za aina hii maisha yake hupungua karibu nusu kwa kila ongezeko la nyuzi 10 za joto, na amplifaya iliyoachwa ikiwaka saa 24 inazipika kapasita hizo polepole. Valvu ndizo kabisa, zinahesabiwa maisha kwa saa. Unaacha mashine ya miaka 50 ikiwaka peke yake nyumbani ukiwa kazini. Na mwisho wa yote, unaishi Kenya. Hutaizima wewe, itazimwa kwa niaba yako, na itawashwa kwa niaba yako usiku wa manane bila kuulizwa.

Wa nne: "Ilidumu miaka 50 bila hayo"

Zilizodumu ndizo unazoziona. Zilizokufa ziliuzwa kama vyuma chakavu. Zaidi ya hapo, mashine iliyo mbele yako si ile iliyotoka kiwandani. Mara nyingi fundi mmoja njiani ametoa kapasita za maikrofaradi 4,700 akaweka za 22,000 kwa kujivunia, "sasa itakuwa na besi." Ameongeza tangi bila kuongeza bomba. Kwenye redio za valvu, mwingine ametoa kigeuzi cha zamani cha seleni, chenye ukinzani wake wa asili, akaweka diodi za silikoni zisizo na ukinzani wa maana. Au ametoa valvu ya GZ34 ambayo huchukua sekunde kadhaa kupata joto na hivyo kuachilia umeme kidogo kidogo, akaweka diodi zinazoachilia wote mara moja. Kila "uboreshaji" wa namna hii unaongeza kishindo, na swichi ni ile ile ya zamani.

Wa tano ni wetu, watu wa kompyuta

Siwezi kuwapiga mafundi nikatuacha sisi. Siku hizi mtindo ni kuweka plagi ya waifai kwenye kila kitu, na kijana anawasha amplifaya ya marehemu babu yake kwa simu akiwa bado kwenye matatu. Plagi imeandikwa ampea 10. Hizo ni ampea 10 za birika la chai, mzigo mtulivu. Relei yake ndogo ikipigwa kishindo cha transfoma mara kadhaa, ncha zinashikana kama zimechomelewa. Simu itaonyesha imezimwa, nayo inawaka. Wengine wajanja zaidi wanatumia relei za kielektroniki zinazosubiri volti ipite sifuri ndipo ziwashe, wakidhani ndiyo adabu. Kwa transfoma, rudi juu usome: sifuri ndio wakati mbaya kuliko yote.

Na ule mlio wa "tik" unaosikia sekunde tatu au nne baada ya kuwasha? Wengi wanadhani ndio ulinzi wenyewe. Hiyo ni relei ya spika. Inasubiri sakiti zitulie ili spika zisipigwe, na inazilinda kweli. Lakini kishindo ninachokizungumzia kilishapita zamani wakati inagonga.

Dawa yenyewe

Dawa ya kwanza ni themista. Ni kidude cha mviringo kama sarafu nene, ukinzani wake ni mkubwa kikiwa baridi na mdogo kikiwa moto. Unakiunga mfululizo na waya wa moto wa transfoma, baada ya fyuzi na swichi. Mashine ikiwaka, themista baridi inazuia. Mkondo unaipasha, ukinzani unashuka, mashine inaendelea. Si teknolojia ya siri. Fungua pawasaplai ya kompyuta iliyokufa, karibu na mahali waya wa ukutani unapoingilia, utaona kimoja. Watengenezaji wa kompyuta za bei rahisi waliona inafaa kuweka, na sisi tunabishana kama amplifaya ya thamani inakihitaji!

Namba zake ni rahisi kusoma. Kilichoandikwa 10D-15 kina omu 10 kikiwa baridi na upana wa milimita 15, na kwa familia ya kawaida ya MF72 kinabeba ampea 5. Kwenye hesabu yetu, 339 gawa kwa 14 ni ampea 24. Kutoka 85 hadi 24 kwa kidude kimoja.

Wapenzi wa sauti watasema themista inaharibu sauti. Wana ukweli kidogo, tuwape haki yao. Amplifaya ikitulia inavuta mkondo mdogo, themista haipati joto la kutosha, na inabaki na omu kadhaa njiani. Muziki mkubwa ukiingia ghafla, volti inashuka kidogo. Lakini hiyo ni hoja ya kuirukia themista baada ya kuwasha. Haiwi hoja ya kuacha mashine bila kinga.

Ubaya mkubwa wa themista ni mwingine, na unatuhusu sisi kuliko mtu wa Ujerumani. Themista ikishapata joto inahitaji dakika moja au zaidi ipoe. Stima ikipotea na kurudi baada ya sekunde mbili, inamkuta mlinzi amelala: bado moto, ukinzani mdogo, kishindo kinapita. Unajua stima yetu inavyofanya: inapotea, inarudi, inapotea tena, ndipo inatulia. Miongozo ya wenzetu iliandikwa kwa watu ambao stima yao ikipotea ni habari ya gazeti.

Kwa hiyo hapa kwetu dawa kamili ni rezista na relei. Rezista ya waya ya omu 47 inawekwa njiani, na relei inairukia baada ya kati ya theluthi ya sekunde na sekunde moja. Hesabu: 339 gawa kwa 51 ni chini ya ampea 7. Kutoka 85 hadi 7. Relei ikifunga, rezista imetoka njiani kabisa, na mpenzi wa sauti hana la kulalamikia. Stima ikikatika, relei inaachia mara moja na rezista inarudi kazini, haihitaji kupoa kama themista. Hakikisha tu sakiti ya kuhesabu muda nayo inajifuta haraka; nyingine za bei rahisi hubaki na chaji na kufunga kabla ya wakati.

Tahadhari moja ambayo wauzaji wa vibodi hivi hawaisemi: relei ikifa, rezista inabaki njiani. Mashine ikivuta ampea 2, rezista ya omu 47 inageuka jiko la wati 188 ndani ya sanduku la mbao. Lazima kuwe na fyuzi ya joto iliyofungwa kwenye rezista, itakayokata ikizidi. Kibodi kisicho na kitu hicho usikiingize nyumbani.

Kisha ongeza jambo moja ambalo litaokoa mashine kuliko yote. Umewahi kuona swichi ya mashine ya kusaga unga? Kitufe cha kijani, kitufe chekundu. Stima ikipotea, ikirudi mashine haijiwashi. Mpaka mtu abonyeze kijani. Ni relei inayojishikilia kwa umeme wake yenyewe. Umeme ukiisha inaachia, na haiwezi kujirudisha. Kila kijiji chenye posho mill kina teknolojia hii, lakini amplifaya ya thamani mjini haina. Iweke, na zile rudi-potea-rudi za usiku hazitaigusa tena. Na ukiunga swichi ya asili iendeshe kifundo cha relei tu, itabeba milampea badala ya makumi ya ampea. Itakuzika.

Gadi je? Iweke ukutani, mbele ya vyote. Ishughulike na volti, relei ishughulike na kishindo. Na kama una themista pekee, gadi yenye kuchelewa kwa dakika kadhaa ni rafiki yake mkubwa, kwa sababu inampa muda wa kupoa. Hapo ndipo gadi inapata heshima yake.

Za Marekani na Japani

Mizigo mingi inakuja na ndugu walioko ng'ambo. Mashine ya Marekani ni ya volti 120 na hezi 60. Ukiipa volti 120 sahihi kwa hezi 50, usumaku ndani ya chuma unaongezeka kwa asilimia 20, na chuma kinakuwa karibu zaidi kujaa hata kabla ya kishindo. Tafuta maandishi ya "50/60 Hz" kabla ya kununua. Za soko la ndani la Japani ni volti 100. Ukiichomeka kwenye transfoma ya kushusha ya 110 umeizidishia asilimia 10. Na kumbuka hiyo transfoma ya kushusha ina kishindo chake yenyewe, pengine kikubwa kuliko cha amplifaya. Iwekee kinga kabla yake.

Hata za 220 zinazidishiwa asilimia 9 kwenye 240 yetu. Nyuzi za valvu za volti 6.3 zinapata karibu 6.9. Angalia nyuma ya mashine. Nyingi za Uingereza zina kichaguzi cha volti ambacho hakuna aliyekigusa tangu iletwe.

Iliyolala stoo usiiwashe tu

Mashine iliyokaa miaka bila umeme, kapasita zake zimepoteza ngozi ile nyembamba ya oksidi ndani inayozuia umeme kuvuja. Ukiibonyeza ghafla inaweza kupasuka. Mafundi wa zamani walikuwa na dawa: balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyoungwa mfululizo. Ikiwa baridi balbu hiyo ina takriban omu 40, ikiwaka kabisa ina 576. Mashine nzima: balbu inamulika kisha inafifia. Mashine mbovu: balbu inabaki inang'aa, na hujaunguza chochote. Iwe ya nyuzi au halojeni. Ya LED haifai. Fundi asiyekuwa na balbu hiyo mezani, msalimie kwa heshima, ubebe mashine yako uende.

Na kama huna ujuzi, usifungue mwenyewe. Kapasita za amplifaya ya valvu zinabaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa, na zinaua. Nimeandika haya ili ujue cha kumuagiza fundi.

Kwa nini nagombana

Kuna mtu atasema, bwana, ni redio tu, nunua spika ya bluetooth. Sawa. Lakini muziki uliorekodiwa Nairobi miaka ya 1960 na 1970, zile santuri ndogo za mizunguko 45, nyingi hazijawahi kuhamishiwa kwenye kompyuta. Kuna kanda zenye sauti za harusi, mahubiri, na wazee waliokwisha kufa. Santuri haiimbi peke yake. Ili sauti hizo ziingie kwenye kompyuta, lazima kwanza zipite kwenye mashine ya zamani iliyo hai. Kila moja inayokufa kwa kishindo ambacho rezista moja ingekizuia inatupunguzia muda, na nyingi hazitengenezwi tena.

Kwa hiyo ombi langu ni fupi. Muuzaji, sema ukweli kuhusu kile gadi inachofanya na isichofanya. Fundi, kabla ya kumwambia mteja "ilikuwa stima", pima, na ukiweka kapasita kubwa zaidi, weka na kinga. Na wewe mwenye mashine, wiki hii geuza sanduku lako, soma fyuzi inayotakiwa, kisha utazame iliyowekwa. Kama namba hazilingani, huo ndio mwanzo wa kazi.